Mezani kwa Mwalimu: Kiti cha Rubani



Ndugu wasomaji, mwezi uliopita baada ya sala ya Ijumaa, mama mmoja ambaye wanawe wawili niliwasomesha Kiswahili katika darasa letu la Jumamosi alinisimamisha pale ukumbini. Tukaamkiana kama ada, tukaulizana hali za watoto, kisha akanieleza lililomkera bila kuzunguka. "Mwalimu, nasikia huko nyumbani unamfundisha mjukuu wako kuunda ndege za vita. Hakuna cha heri cha kuunda?" Waliokuwa karibu wakacheka, nami nikacheka nao, lakini swali halikuwa la kuchekesha. Kwa kuwa liliulizwa mbele ya watu, nimeona na jibu litolewe mbele ya watu. Naomba tu mnivumilie, kwani jibu lenyewe linapitia kwenye gundi, milimita na tyubu ya nyanya kabla ya kufika.

Mjukuu wangu mkubwa ana miaka 13. Tangu azaliwe nimesema naye Kiswahili, na hadi alipokuwa na miaka 9 alikimudu kiasi cha kutosha kugombana na ndugu yake kwa lugha hiyo. Kisha maneno yakaanza kupungua. Akija kwetu Jumamosi, mazungumzo yetu yote yalikuwa "Ndiyo, Babu", "Hapana, Babu" na "Sijui, Babu", macho yakiwa kwenye simu. Nimefundisha miaka 34. Dalili hiyo naijua, na najua pia kwamba haiponi kwa kugombeza.

Siku moja katika duka moja la vitu vikuukuu nikaona sanduku la vipande vya plastiki vya kuundia ndege aina ya Hunter, kwa kipimo cha 1 kwa 48. Nililipa pauni 6. Nakiri kwamba sikulinunua kwa ajili ya mtoto peke yake. Katikati ya miaka ya 1970 Kenya ilinunua Hunter chache, nami wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa sekondari Nairobi. Alasiri moja mbili zilipita juu ya uwanja wetu wa mpira, chini mno, na nilipata kuona kile kifuniko cha kioo kiking'aa mbele ya mabawa. Nikamwuliza mwalimu wetu mle ndani mna nini. Akanijibu kwamba hayo hayanihusu, nishughulike na mtihani. Mtihani nilifaulu. Swali limekaa nami karibu miaka 50.

Hunter ni ndege ya Kiingereza ya kampuni ya Hawker. Iliruka mara ya kwanza tarehe 20 Julai 1951, ikiongozwa na Neville Duke, na tarehe 7 Septemba 1953 rubani huyo huyo aliirusha ndege hiyo hiyo ya kwanza, ikiwa imepakwa rangi nyekundu, kwa mwendo wa maili 727 kwa saa na ushei, ikawa rekodi ya dunia. Zilitengenezwa zaidi ya 1,900, zikanunuliwa na nchi nyingi. Hiyo nyekundu tulikwenda kuiona mimi na mjukuu wangu katika jumba la makumbusho la Tangmere, karibu na Chichester. Nilidhani angevutiwa na rangi au mabawa. La, alisimama ubavuni akanyoosha shingo, kisha akasema, "Babu, pa kukaa mtu ni padogo sana." Ilikuwa sentensi nzima, tena ya Kiswahili. Nikaamua pale pale kwamba tutaanza na hapo pa kukaa mtu.

Sasa, sanduku la ndege ya mfano huwa limeshughulikia umbo la nje vizuri sana, lakini chumba cha rubani aghalabu hupewa heshima ndogo. Chetu kilikuwa kama karai, chenye kiti kinachofanana na kiti cha mkahawa, kijiti kimoja cha kuongozea, na karatasi yenye picha ya saa na vipimo ya kubandika mbele. Waungwana wa kazi hii, wasiporidhika na walichopewa, huvitengeneza vitu hivyo wenyewe kwa mkono, kutokana na chochote kilichopo nyumbani, wakiongozwa na picha za ndege halisi. Hiyo ndiyo kazi tuliyoifanya kwa muda wa miezi mitatu, juu ya meza ambayo zamani nilikuwa nikisahihishia madaftari.

Kitu cha kwanza kilikuwa hesabu. Hunter ya kweli ina urefu wa mita 14 kasoro kidogo, hivyo yetu ni sentimita 29. Saa ya kwenye ubao wa vyombo yenye upana wa sentimita 8 inakuwa pungufu kidogo ya milimita 1.7. Mkanda wa kumfunga rubani unakuwa upana wa milimita moja. Mtoto huyu ambaye kwao hulalamika juu ya hesabu za kugawanya aligawanya kwa 48 jioni nzima bila kulazimishwa. Kisha akagundua mwenyewe jambo ambalo mafundi wengi wazima hulisahau. Alipima bamba jembamba kabisa la plastiki tulilokuwa nalo, lenye unene wa robo ya milimita, akalizidisha kwa 48, akapata milimita 12. "Babu, hakuna ndege yenye bati nene hivi." Kweli hakuna, kwani bati la ndege ni la milimita moja au mbili tu. Ndiyo sababu vyumba vingi vya rubani vya plastiki huonekana kama vimejengwa kwa matofali hata rangi ikiwa nzuri. Dawa yake ni kuchukua msasa na kuzichonga kingo zinazoonekana mpaka ziwe kali, na palipo wazi kabisa kutumia kitu chembamba kuliko plastiki.

Hapo ndipo ilipoingia nyanya. Vitabu vya kazi hii vilivyoandikwa na wakongwe wa nchi hizi hushauri utumie lile karatasi la risasi la shingo ya chupa ya mvinyo. Nyumba yetu haina chupa hizo wala haitakuwa nazo, na risasi yenyewe ni sumu. Lakini tyubu ya nyanya iliyosagwa, ikishakamuliwa na kuoshwa na kupasuliwa, hutoa bati laini la alumini la unene wa karatasi, linalokatika kwa mkasi na kukunjika bila kurudi. Tatizo ni kwamba lazima kwanza ikamuliwe. Bibi yake alifungua kabati siku ya Jumapili akakuta tyubu tatu zimeshapasuliwa na nyanya yote imo bakulini. Tulikula mchuzi mwekundu hadi Jumatano, na hakuna aliyethubutu kulalamika.

Ubao wa vyombo tuliufanya wa tabaka mbili. La mbele ni bamba jeusi lililotobolewa matundu kwa keekee ndogo ya kuzungushwa kwa vidole. La nyuma ni bamba jeupe lililopakwa rangi nyeusi, kisha rangi ikakwaruzwa kwa ncha ya sindano, hata weupe wa chini ukatokea kama mishale na nukta za saa. Ukishayabandika pamoja, unadondosha tone la gundi nyeupe ya mbao katika kila tundu. Tone likikauka huwa angavu na kung'aa kama kioo. Waya za pembeni ni nyuzi za shaba za waya wa simu ya zamani. Vijiti vyembamba tulivipata kwa kupasha moto ile fremu ya plastiki inayoshikilia vipande sandukuni. Unaisogeza juu ya mshumaa bila kuigusisha moto, ikilegea unaivuta, nayo inarefuka kuwa uzi. Kazi hii mtoto asiifanye peke yake, na dirisha liwe wazi.

Rangi ya ndani ya Hunter ni nyeusi. Lakini ukipaka nyeusi tupu hutaona chochote, ni shimo tu. Tulipaka kijivu iliyokolea sana, kisha tukachukua brashi karibu kavu yenye kijivu hafifu tukaipitisha juu ya kingo, nazo zikajitokeza.

Makosa nayo yalikuwepo, na kubwa lilikuwa langu. Nilishikilia kwamba tuunde kila kitu kilichomo, pamoja na zile kanyagio za miguu zilizoko mbele kabisa chini ya ubao. Zilituchukua jioni nne, na mtoto alikatwa kidole na wembe kwa ajili yake. Tulipounganisha pande mbili za mwili wa ndege, kanyagio zikatoweka, na hakuna tochi wala jicho litakaloziona tena. Wapo wanaosema inatosha kwamba aliyeziunda anajua zimo. Mimi si wa kundi hilo. Kabla ya kukata chochote, unganisha mwili wa ndege kwa utepe, weka kifuniko, tazama kwa jicho lako mwenyewe mpaka wapi unaona, halafu fanya kazi hapo tu. Kinachoonekana katika Hunter ni sehemu ya juu ya ubao, kioo cha kulengea shabaha, kingo za pembeni na, zaidi ya vyote, kiti.

Kiti hiki nilikuwa sikijui, na ndicho kilichonifundisha mimi mwalimu. Ni kiti cha kumrusha rubani nje ya ndege inapokufa, kazi ya kampuni ya Martin-Baker. James Martin na Valentine Baker walikuwa washirika na marafiki. Mwaka 1942 Baker alikufa akiijaribu ndege waliyoiunda pamoja, na baada ya hapo Martin akajitia katika kutafuta njia za kuwaokoa marubani. Tarehe 24 Julai 1946 fundi mmoja wa kampuni hiyo, Bernard Lynch, alikubali kurushwa kwa kiti hicho kutoka ndege inayoruka, akatua salama. Hadi leo viti vyao vimeokoa maisha ya zaidi ya watu 7,000.

Katika viti vya zama za Hunter, nyuma ya mgongo wa rubani husimama nguzo ya mabomba yaliyoingiana, yenye baruti ndani. Juu ya kichwa upo mshikio wenye mistari ya njano na nyeusi. Rubani akiuvuta kwa mikono miwili, kitambaa kinateremka kumkinga uso na upepo, baruti inawaka, mabomba yanarefuka, kiti kinatoka na mtu wake. Mwamvuli mdogo hufunguka kwanza kukituliza kiti, kisha mkubwa humteremsha mtu peke yake. Chini ya makalio yake amekalia mfuko wenye mashua ya kupuliza, kwa ajili ya akianguka baharini.

Tulikiunda kiti hicho mara tatu. Cha kwanza kilikuwa kipana, cha pili kilipinda. Cha tatu kina beseni la bati la nyanya, mito ya karatasi laini iliyolowekwa katika gundi iliyotiwa maji, na mikanda ya utepe wa wapaka rangi. Mshikio ni waya wa shaba uliokunjwa, ukapakwa njano, kisha mistari myeusi ikachorwa kwa kalamu ya ncha nyembamba. Mjukuu wangu aliichora yeye. Alikuwa akitoa pumzi yote, anachora mstari mmoja, anapumua, anatoa pumzi tena. Mimi mikono yangu sasa inatetemeka, nisingeweza.

Sandukuni mlikuwa pia na sanamu ya rubani wa plastiki. Hatukuitia. Bibi yake hakuipenda, na hukumu ya sanamu nawaachia mashekhe. Aidha, mtu akikaa pale kiti chote hufichika.

Ni wakati wa kazi ya kiti ndipo aliponiuliza, mkono ukiwa haujaacha kazi, "Babu, hii iliwapiga akina nani?" Nikamwambia ninayoyajua. Tumboni mwa Hunter, nyuma kidogo ya chumba cha rubani, kuna sanduku la mizinga minne ya milimita 30. Sanduku hilo huteremshwa lote likiisha risasi na kupandishwa jingine lililojaa kwa dakika chache tu. Tarehe 28 Machi 1964 Hunter za Uingereza kutoka Khormaksar, Aden, ziliipiga ngome ya Harib ndani ya mpaka wa Yemen, na mwezi uliofuata Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likalisikitikia shambulio hilo katika azimio namba 188. Mwaka 1975 Mfalme Hussein wa Jordan aliipa Oman Hunter 31, nazo zikatumika mwaka huo huo katika vita vya Dhofar. Baina yetu tunaosoma gazeti hili wamo wenye jamaa wa pande zote za mipaka hiyo, na nilimwambia hivyo pia.

Alinyamaza kitambo, akigeuza kiti kwa kibano. Kisha akasema, "Huyu wa juu alikuwa na kiti. Wa chini walikuwa na nini?"

Nilimjibu kwamba hawakuwa na kiti. Sikuwa na la kuongeza, na hadi leo sina. Juma lililofuata alikuja na maswali mengine juu ya Aden na bahari yake na kwa nini Waingereza walikuwa pale, na simu ilibaki mfukoni mwa koti.

Lililobaki ni habari ya maafa. Mwisho wa mwezi wa tatu chumba kilikuwa tayari, kimebaki kifuniko cha kioo. Nilikwenda kusali Alasiri. Mtoto, kwa nia ya kunishangaza, akakifunga kifuniko mwenyewe kwa ile gundi ya papo hapo tuliyokuwa tukigandishia waya. Niliporudi nilimkuta amesimama mbali na meza. Gundi ile hutoa mvuke, na mvuke ukifungiwa ndani hushika plastiki angavu na kuacha utando mweupe kama ukungu wa asubuhi. Kazi yote ya miezi mitatu ilikuwa imefichika nyuma ya kioo cheupe. "Nimeharibu kila kitu, Babu," akasema, na akaichukua ndege kuitupa. Nilimshika mkono. Kosa lilikuwa langu pia, maana sikuwa nimemweleza kwamba kioo hushikishwa kwa gundi nyeupe ya mbao pekee.

Tulikibandua kwa wembe, nusu milimita kwa nusu milimita, kikapata ufa mdogo nyuma. Ndani tulikisugua kwa pamba na dawa ya meno jioni mbili. Ukungu ulitoka mwingi, si wote. Vyombo havikudhurika ila viwili. Nilikuwa nikifikiria tukifunge tena kwa namna gani ili doa lisionekane, naye akaniambia kwamba kifuniko cha Hunter hurudi nyuma juu ya reli, alikuwa amekiona hivyo katika picha, kwa hiyo tukiweke wazi. Sikuwa nimelifikiria hilo. Basi sasa kimerudishwa nyuma, doa liko juu ya mgongo wa ndege ambako halisumbui, na anayeinama juu ya rafu yetu anauona mshikio wa njano na mikanda na saa zote bila kizuizi cha kioo.

Mama aliyeniuliza namkaribisha Jumamosi yoyote baada ya Adhuhuri aje aione, aje na wanawe pia, na wakitaka kujaribu kazi hii meza inatosha. Ila nyanya waje nazo wao wenyewe.